Dakika Nne za Mbao

Mechi ilikuwa ashu nilipofungua:
mashine mbili, benchi moja, pazia la leso kuukuu
kuzuia jua la Huruma lisifute picha kwenye kioo.
Dakika sita kila kipindi. Niliandika kwa chaki
mlangoni, nikaamini nimeandika kwa patasi.

Kisha mafuta, kisha stima,
kisha mwenye nyumba, Gathungu,
ambaye hapandishi kodi kamwe, hurekebisha tu.
Nikarekebisha na mimi. Ashu ikawa mbao.

Nilipokwenda Luthuli kutafuta diski mpya
kijana wa kaunta akaniuliza nataka ya mwaka upi,
kana kwamba mpira huchacha kama maziwa.
Ya mwaka huu, elfu nane na mia tano.
Ya mwaka jana, elfu tatu: nyasi zilezile,
mashabiki walewale wakiimba kwa mdomo mmoja,
ila majina mawili matatu yamehama timu.
Nikanunua ya mwaka juzi, iliyokwaruzwa,
nikaisugua kwa dawa ya meno hadi usiku wa manane.
Watoto walijua. "Huyu si alishahama, Mama Kwamboka?"
Nikawaambia: hapa kwangu hajapata nauli.

Redio husema mfumuko wa bei.
Mimi nilijua mshono hufumuka,
shati la shule, kwapani;
unarudishia uzi, mtoto anaondoka.
Huu ukiushika hapa unaachia pale.
Tokeni ya mia mbili iliyokesha nami siku mbili
sasa haifiki magharibi.
Padi ikikatika waya, fundi anataka elfu na mia tano
kwa kazi iliyokuwa mia tatu na kikombe cha chai.

Mbao sikuthubutu kuipandisha.
Ningemtazamaje mtoto usoni,
mimi ninayejua mamake anafua wapi,
kwa kiasi gani,
na kwamba kiasi hicho hakijarekebishwa?

Basi nikaibia upande wa pili.
Usiku niliingia kwenye mipangilio:
sita ikawa tano. Baada ya Pasaka, nne.
Bei imesimama mlangoni, chaki ileile,
inanitazama nikipita.

Walidhani ni vidole vyao.
Mechi zikaanza kwisha bila kwa bila,
mpira uko hewani kutoka kona, kipenga kinalia,
wanalaumiana, wanalaumu refa, wanalaumu padi.
Hakuna aliyenilaumu mimi.

Mpaka Nyamweya wa gredi ya tano,
mwenye saa ya marehemu babake
inayomzunguka mkononi kama bangili,
akahesabu. Hakusema kitu mbele ya wenzake.
Alisubiri nishushe pazia:
"Mama Kwamboka, zile mbili huwa unazipeleka wapi?"

Ningesema uongo. Nilikuwa nao tayari, wa moto.
Badala yake nikamfungulia daftari:
stima, kodi, unga, waya, stima.
Alilisoma polepole, kidole juu ya kila mstari,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.
Akalifunga, akaenda kwao.

Kesho yake alirudi na Achola, mbao moja kati yao.
Padi moja, watu wawili:
Achola akashika kushoto, kukimbia,
yeye akashika kulia, pasi na shuti.
Walikanyagana. Walitusiana. Walijifunga wenyewe.
Nyuma yao watu walicheka hadi chai ikawapalia.
Wakasawazisha kwa bahati, hata wao hawakujua vipi.
Kisha, saa imebakiza pumzi moja,
Achola akamgeuza beki, akapaza sauti, "Sasa!"
na kidole cha mwenzake kikaitika.

Bao, kwa nusu mbao kila mmoja.
Benchi lilianguka na waliolikalia.

Kioo kikauliza: mechi nyingine?
Nyamweya hakuniangalia. Aliangalia saa yake.
Nikachukua padi, nikarudi kwenye mipangilio mchana kweupe,
wote wakiona,
nikaandika sita.

Ukutani mita ya stima ikaanza kulia.